Mama Sindano na Surua ya Wageni

Watoto wa mtaa wetu wakimwona kwa mbali walikuwa wanashika makalio kwa mikono miwili na kutimua mbio. Ndiyo maana tukamwita Mama Sindano, na jina likamganda hata marehemu mumewe akawa anamwita hivyohivyo wakiwa mezani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa muuguzi wa chanjo katika zahanati yetu. Mimi ni jirani yake. Tunatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya upande huu, yeye hunitakia afya upande wa pili. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki amenisimulia mwenyewe, mara nyingi mno, kama mtu anayekuna kidonda.

Hakujaliwa mtoto. Ndugu aliyebaki naye ni mdogo wake wa kiume, fundi pikipiki mwenye banda pale njia panda. Alimlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha, akamwozesha. Fundi alipopata binti, Mama Sindano alikuwa mtu wa kwanza kumpokea mikononi. Huyo ndiye mtoto pekee aliyekuwa hamkimbii. Akimwona anapita alikuwa ananyoosha mikono na kuita "Shanga, Shanga," kwa sababu "shangazi" lilikuwa bado neno refu kwake.

Mambo yalianza kuharibika kwenye friji la chanjo, karibu mwaka mzima kabla wageni hawajafika. Friji lile linatumia gesi. Mtungi uliisha katikati ya kiangazi, na gari la kuleta mwingine likawa haliji. Mlangoni pa friji huning'inia karatasi ambayo muuguzi huandika kipimo cha baridi kila asubuhi na kila jioni. Kipimo hakitakiwi kuzidi nyuzi nane. Siku ile asubuhi kilisoma kumi na tisa, na kufikia adhuhuri kilikuwa ishirini na saba. Mama Sindano akamfuata mkuu wa zahanati, tabibu ambaye wote tulimwita Daktari.

"Daktari, friji limekufa. Chanjo zimepata joto."

"Gesi inakuja kesho."

"Na za leo?"

Tabibu alichungulia dirishani. "Leo kuna akina mama arobaini pale nje, wengine wametembea tangu alfajiri. Ukiwarudisha hawaji tena, unawajua. Na wakubwa wakisikia tumeunguza chanjo za miezi mitatu, hapa hatubaki wewe wala mimi. Andika tano."

"Tano?"

"Tano. Kipimo cha kawaida."

Aliandika tano. Kesho yake gesi haikuja, akaandika tano. Ilipita wiki tatu. Kila chupa ya chanjo ya surua ina alama ndogo inayobadilika rangi dawa ikiharibiwa na joto, na zote zilikuwa zimeshakuwa nyeusi. Alikuwa akivuta dawa anaifunika ile alama kwa kidole gumba, ingawa hakuna mama hata mmoja aliyejua maana yake.

Wiki ya tatu wifi yake alikuja na mtoto, ametimiza miezi tisa, amepakwa mafuta anang'aa. Watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Mama Sindano alimchoma kwa mkono wake mwenyewe, akajaza kadi, akambusu kwenye paji la uso.

Alijiambia kwamba dawa mpya zikija atawarudia watoto wote. Zilipokuja, akaona kumbe itabidi aeleze kwa nini mtoto aliyekwisha kuchanjwa anachanjwa tena. Akaacha ikapita wiki, kisha mwezi. Hata yule wa mdogo wake hakumrudia, maana wifi yake ni mtu wa maswali, na kadi ya mtoto ameitunza kama hati ya kiwanja. Hakuna mtoto aliyeugua msimu ule. Akaanza kulala vizuri.

Wageni wakaanza kufika mvua zilipoanza. Vita ilikuwa imewatoa makwao, na walikuja kwa miguu, magodoro yamekunjwa kichwani, wazee wamebebwa mgongoni. Mwanzoni walikuwa familia chache. Kufikia wiki ya pili, ukisimama njia panda huoni barabara, unaona vichwa. Sisi tuliwapokea, na nisingependa hilo lisahaulike. Tulitoa mablanketi, sufuria, mahali pa kulala. Fundi pikipiki alifunga banda lake siku nne nzima akawa anawabeba wajawazito na vikongwe kutoka mtoni, na mtu akimtajia nauli anakasirika.

Sijui tulibadilika siku gani. Hakuna siku niwezayo kuonyesha kwa kidole. Wageni walipewa shule walale, watoto wetu wakawa wanasoma kwa zamu chini ya turubai. Mwenye duka akapandisha bei ya sabuni, akasema ni wageni. Mwenye nyumba akapandisha kodi, akasema ni wageni. Mjomba wangu alifukuzwa kazi kwa ulevi ambao mwajiri wake alikuwa ameuvumilia miaka kumi, naye akasema ni wageni. Mimi mwenyewe nilipoteza ndoo kisimani, na kabla sijamaliza kuitafuta nilikuwa nimeshawaambia watu sita nani kaiba. Jioni niliikuta kwa binti yangu. Wale watu sita sikuwarudia.

Kisha akaja mheshimiwa mmoja, uchaguzi ukiwa umekaribia, akapanda nyuma ya gari na kipaza sauti. Alizungumza kwa upole. Alisema hamchukii mtu, ila anatuomba tujiulize swali moja tu: kabla ya watu hawa, tulikuwa tukipanga foleni ya maji? Tulikuwa tukipanga foleni tangu kisima kile kichimbwe. Lakini siku ile tulipiga makofi, na mimi nilipiga.

Miongoni mwa wageni kulikuwa na mwanamke mrefu, mkunga wa miaka mingi. Siku ya tatu tu tangu afike alikwenda zahanati akaomba kazi, hata bila mshahara, na tabibu akikusikia unasema bila mshahara hana kipingamizi. Walimpa benchi katika chumba cha Mama Sindano. Wale wawili walielewana upesi. Nilikuwa nikipita nawasikia wanacheka kupitia dirishani, na mchana walikuwa wanakula kwenye sahani moja. Mtaani watu walianza kumwuliza Mama Sindano kama haogopi. Yeye alikuwa anajibu kwamba anachoogopa ni kula peke yake.

Surua ilizuka mwezi wa pili wa mvua. Wiki hiyohiyo mtoto mmoja wa mtaa wetu na wawili wa wageni wa pale shuleni waliingia zahanati na homa, macho mekundu, mafua, na baadaye upele uliowashuka kutoka usoni mpaka miguuni. Nani alimwambukiza nani, hakuna anayejua mpaka leo. Lakini jioni haikufika kabla mtaa haujaipa jina, na jina lenyewe lilikuwa surua ya wageni. Baada ya siku kumi vitanda vilijaa, watoto wakalazwa kwenye mikeka hadi barazani.

Asubuhi moja Mama Sindano alimkuta Mkunga amekaa sakafuni, kadi za watoto amezipanga mbele yake.

"Dada," Mkunga alisema, "watoto wa kwetu naelewa kwa nini wanaugua. Tunakotoka hakuna zahanati iliyobaki imesimama. Lakini hawa wa kwenu wana kadi, na kadi zimejazwa. Nimeziangalia. Karibu wote walichomwa katika wiki zilezile tatu."

Mama Sindano aliinama akaokota kadi moja, akaifuta vumbi.

"Sikuulizi kwa ubaya. Friji lenu lilikuwa zima wakati huo?"

"Lilikuwa zima," alisema, na alisema akimwangalia machoni.

Mkunga akazikusanya zile kadi moja moja akazirudisha kwenye boksi. "Haya, dada. Basi sawa."

Siku iliyofuata wifi yake alimleta binti wa Fundi.

Mtoto aliugua siku tano. Siku ya tatu kifua kilimbana, akawa anapumua kwa mbavu. Mama Sindano alifanya kila ajualo: maji, matone ya vitamini, dawa ya kifua, kitambaa kilicholowekwa maji kwenye macho yaliyogandamana. Mkunga ndiye aliyekuwa akimnywesha mtoto kwa kijiko. Siku ya tano asubuhi, Mama Sindano akiwa amekwenda kutafuta mtungi wa hewa ambao zahanati haikuwa nao, mtoto alikata roho mikononi mwa Mkunga. Fundi aliingia akamkuta amembeba.

"Huyu anamshika mwanangu kwa nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa sauti kubwa.

Kufikia saa sita mchana, mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba mkunga wa wageni alikuwa amemshika mtoto, na mtoto akafa. Ukiuliza, kila neno lilikuwa la kweli.

Tulizika siku hiyohiyo. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, vijana walikusanyika bandani kwa Fundi. Hawakuwa wamekuja kutengeneza pikipiki. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara nauza nyanya zangu, nikamwona Mama Sindano anakuja bila viatu, kanga imemlegea, akapita katikati yao mpaka kwa mdogo wake.

"Mdogo wangu, njoo nyuma nikwambie neno."

"Liseme hapahapa, dada."

"Halisemeki hapa."

Wakaenda nyuma ya banda, kwenye rundo la matairi mabovu. Waliyosemezana huko amenieleza yeye mwenyewe, na sijawahi kumsikia akibadilisha hata neno moja.

"Mtoto hakuuawa na wale watu," alimwambia. "Chanjo niliyomchoma ilikuwa imeshaharibika. Friji lilizimika kwa wiki tatu. Nilijua, na nilimchoma hivyohivyo."

Fundi alikuwa ameshika tambara anajifuta mikono, na mikono ilikuwa safi, hajagusa chombo tangu mtoto augue. Aliendelea kujifuta.

"Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie."

"Simwambii ukitaka. Ila wazuie hao vijana."

Fundi akasema, "Nimekusikia, dada. Na ninakuamini. Sasa unataka niende pale mbele niwaambie kwamba ni dada yangu? Wewe ndiye umenilea. Nikikutoa wewe nabaki na nani?"

"Nitawaambia mimi mwenyewe."

"Ukiwaambia watakuja kwako, na mimi itanibidi nichague pa kusimama. Sina nguvu hizo leo." Akatazama upande wa shule. "Wale siwajui. Kwa wale sina haja ya kuchagua."

Alilikunja lile tambara mara mbili, akaliweka juu ya tairi, akarudi kwa wenzake.

Yaliyotokea shuleni yalimalizika kwa muda mfupi kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Mchana kweupe, jua kali baada ya mvua ya asubuhi. Vijana walitangulia, sisi tukafuata. Wengine walikuwa wanasema wanakwenda kutazama tu. Jiwe la kwanza lilivunja dirisha la darasa la pili. Baada ya hapo sikuweza kuyatofautisha. Magodoro yalitupwa nje, masufuria yakakanyagwa, wanawake wakatoka wamewafunika watoto kwa shuka, na baadhi ya hao watoto walikuwa na upele na homa, hawawezi hata kulia. Mama Sindano alifika akihema, akapanda juu ya ngazi ya ofisi ya mwalimu mkuu akapaza sauti kwamba ni yeye, kwamba friji, kwamba chanjo. Nilimsikia vizuri, nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Mwanamke aliyesimama kando yangu aliuliza, "Anasema nini?" Nikamwambia sijui.

Polisi walikuja na malori matatu ya kukodi. Walituambia turudi nyuma, wakawaambia wageni wapande, kwa usalama wao. Watu walipanda wakiwa na walichoshika mkononi tu. Mkunga alikuwa amepasuka juu ya jicho, damu imemchirizika hadi shingoni, na alikuwa anawapandisha watoto mmoja mmoja. Mama Sindano alimkimbilia na kitambaa. Mkunga aliushika mkono wake akauondoa usoni pake.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Nina watoto wanane wenye homa ndani ya lori hili. Sijui tunapelekwa wapi wala ni safari ya siku ngapi. Niletee maji, na matone ya vitamini, yote mliyonayo. Mengine tutayazungumza siku nyingine."

Zahanati haikuwa mbali. Alikimbia kama hajawahi kukimbia maishani, akavunja kufuli la kabati kwa jiwe, akabeba kopo zima la vitamini na dumu la maji. Aliporudi uwanja ulikuwa na ndala zisizo na wenyewe, matofali, na daftari zilizolowa. Malori yalikuwa yameshaondoka. Alisimama katikati ya uwanja na lile dumu mpaka mwalimu mkuu akaja kumpokea, maana alikuwa hawezi kuliweka chini.

Wiki ile aliandika barua kwa wakubwa wa wilaya, akaeleza kila kitu kuanzia siku mtungi ulipoisha. Walikuja wawili, watu wastaarabu, wakakaa naye chumba cha chanjo. Tabibu akaleta faili la zile karatasi za friji. Wakafungua mwezi ule: tano, tano, tano, asubuhi na jioni, mwandiko wa Mama Sindano, sahihi yake. Alipowaambia alidanganya, walitazamana. Walimhurumia. Wakaandika kwamba muuguzi amefiwa na amechanganyikiwa, wakampa likizo ya mapumziko, na likizo ilipokwisha akaletewa barua ya kustaafu kabla ya wakati. Tabibu bado yupo. Nilikwenda kwake mwezi uliopita kwa ajili ya mgongo wangu, akanitibu vizuri tu.

Mtaani ikawa vilevile. Aliwaambia watu mmoja mmoja, milangoni mwao, hata wengine wakawa wakimwona anakuja wanaingia ndani. Wengine walisema wageni wamemharibu akili, si alikuwa akila nao sahani moja. Wengine walisema amehongwa, ingawa hakuna aliyeweza kueleza watu waliokimbia na magodoro wangemhonga kwa kitu gani. Wifi yake aliyasikia kwa watu. Alifungasha akarudi kwao, wala hakumwuliza mumewe swali hata moja. Fundi anafanya kazi, anasalimia. Dada yake akipita bandani, anajiingiza chini ya pikipiki.

Na surua haikuondoka. Wageni walikuwa wameshapelekwa, shule imebaki tupu, na watoto watatu zaidi walikufa, wote wa kwetu, wote wana kadi. Mtu angedhani hapo tungekaa tukafikiri. Redioni yule mheshimiwa alisema watu wale wameuacha ugonjwa kwenye kuta za madarasa. Kwa hiyo tulipanga siku, tukachangishana chokaa, tukaenda kupaka. Mimi nilipewa darasa la pili. Mama Sindano alikuja akasimama mlangoni, akanitazama ninavyopanda na kushuka na brashi.

"Jirani," alisema, "wewe ulinisikia siku ile. Ulikuwa pale mbele."

"Nilikusikia," nilimwambia.

"Sasa hiyo chokaa ni ya nini?"

Niliogopa kushuka, kwa sababu wenzangu walikuwa wakiniangalia kutoka dirishani. Nikachovya brashi, nikaendelea na ukuta. Alisubiri kidogo, kisha nikasikia hatua zake zinakwenda.

Siku hizi anakaa barabara kuu, pale malori yanaposimama madereva wanywe maji na kupoza injini. Ana kiti chake cha plastiki. Hauzi kitu. Kila lori likisimama anainuka, anamwendea dereva, anamwamkia kwa heshima hata akiwa kijana mdogo wa kuwa mwanawe, na kumwuliza kama mwezi wa pili wa mvua aliwahi kubeba watu kutoka shule ya hapa. Wengi wanatikisa kichwa. Juzi nilikuwa naye. Dereva mmoja alisema ndiyo, alibeba.

"Uliwashusha wapi?"

"Mpakani, mama. Kulikuwa na uwanja, tuliambiwa tushushe hapo."

"Kulikuwa na watoto wagonjwa, wanane. Na mama mmoja mrefu, amepasuka hapa juu ya jicho."

Dereva alifikiri. Nilimwona anajitahidi kweli kukumbuka, si kwamba anamdharau.

"Mama, walikuwa wengi," alisema. "Na nilikuwa mbele, naendesha. Watoto nilikuwa nawasikia nyuma siku ya kwanza. Siku ya pili sikuwasikia."

Alimshukuru. Dereva akajaza maji kwenye rejeta, akapanda, akaondoka. Mama Sindano akarudi kwenye kiti chake, kwa sababu kwa mbali lori lingine lilikuwa linakuja.